Kadi ya TANU ya babu: waasisi wa majimboni walikuwa na nguvu gani?

Swali: Shikamoo mzee. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa chama cha msingi cha pamba huko Maswa. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake baada ya msiba tulikuta kadi ya TANU iliyochakaa. Alizoea kutuambia kwamba chama kilitoka mikoani kwenda Dar es Salaam, wala hakikutoka Dar kuja mikoani. Mimi shuleni nilifundishwa habari za Mwalimu Nyerere na tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa, basi. Hao wengine walikuwa nani? Na baada ya uhuru walikuwa na sauti yoyote, au waliwekwa kando?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Babu yako aliiona historia kutoka mahali alipokaa, kwenye meza ya karani wa pamba, na kutoka pale aliona jambo ambalo masomo ya shule hulipita mbio. Nitakujibu kwa urefu, hasa hilo la mwisho, la sauti na nguvu, kwa sababu wengi wakishapewa majina ya waasisi hutosheka, wasiulize majina hayo yaliishia wapi.

Tanganyika ya mwaka 1954 ilikuwa na majimbo manane, na kila jimbo lilikuwa na kidonda chake. Kwingine ni ardhi iliyochukuliwa, kwingine bei ya zao, kwingine watemi waliogeuzwa matarishi wa serikali ya kikoloni, kwingine amri za kilimo zilizompeleka mtu kifungoni kwa sababu ya matuta. Kabla TANU haijazaliwa, kila kidonda kilikuwa kimeshapata msemaji wake. Msemaji huyo tayari alikuwa na watu, na mara nyingi alikuwa na chombo: umoja wa kabila, ushirika wa wakulima, au kiti cha utemi. Alikuja TANU na watu wake nyuma. Hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipomponza baadaye.

Tuanze na siku yenyewe. Katika orodha ya watu 17 inayotajwa kila mara kuwa ya waliokutana Dar es Salaam Julai 1954, Jimbo la Ziwa peke yake lina watano: Abubakari Ilanga, L. B. Makaranga, Saadani Abdu Kandoro, Suleiman Kitwara na Kisung'uta Gabara. Jimbo la Kaskazini lina Joseph Kimalando na Kirilo Japhet. Jimbo la Magharibi lina Germano Pacha. Wengi wa waliobaki ni wa Dar es Salaam na Jimbo la Mashariki. Kwa hiyo babu yako hakuwa anapiga chumvi. Watu wa Ziwa walikuja kwa wingi kwa sababu matawi yao ya TAA, yaani chama kilichotangulia TANU, yalikuwa yamechemka kuliko mengine. Kandoro alikuwa mshairi, na alikuwa na shairi la siafu wanaokazana mpaka nyoka anakata tamaa. Hakuna msikilizaji aliyehitaji kuelezwa nyoka ni nani.

Lakini tuwatendee haki watu wa Dar es Salaam pia. African Association, iliyokuja kuitwa TAA, ilianzishwa huko mwaka 1929, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwanawe Abdulwahid, askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, ndiye aliyekuwa akiiongoza TAA kabla ya Mwalimu kuchaguliwa rais wake Aprili 1953. John Rupia na Dossa Aziz walitoa mali zao wakati chama hakina hata nauli. Dar ilitoa nyumba ya kukutania, fedha, na watu waliokwisha kuzoea mambo ya katiba na mihutasari. Ila chama cha mjini bila vijijini kingebaki klabu ya makarani, na wenyewe walilijua hilo.

Sasa nikupeleke Meru, maana hapo ndipo mtu wa wilayani alipoutangulia mji mkuu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ili eneo hilo lipewe Wazungu wafugaji. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, watu wakapelekwa Kingori, bondeni, mahali walipokataa kupapokea kama fidia. Wameru hawakushika silaha. Walichanga. Walikuwa na chama chao cha wananchi, na wakajua kwamba Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, hivyo mtu yeyote ana haki ya kupeleka malalamiko huko. Wakamtuma Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York akawaeleza wakubwa wa dunia habari za nyumba zilizochomwa kwao.

Hakurudi na ardhi. Umoja wa Mataifa ulisikiliza, na waliohamishwa hawakurudishiwa mashamba yao. Hata hivyo aliporudi alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wa Mwanza na Tabora ambao hawajawahi kukanyaga Arusha wakajua kwamba jambo la Wameru laweza kuwapata wao kesho. Miaka mitatu baadaye, Machi 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko huko New York. Njia hiyo ilikuwa imeshapitwa na mtu wa Meru.

Turudi Usukumani, kwa babu yako. Hapa nataka tukae kidogo.

Mkulima wa pamba wa miaka ya 1940 alibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara wa Kiasia. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye anayeisoma, ndiye anayeandika kwenye karatasi. Mkulima hakujua kusoma namba zile, na hata aliyejua alisimamishwa mbali. Ratili chache zikipungua kwa kila gunia, kwa msimu mzima, kwa wilaya nzima, hesabu yake unaipata mwenyewe. Basi wakulima wakaanza na jambo dogo tu: waliajiri wapimaji wao wenyewe, kijana anayejua namba, asimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi. Mtu aliyewahi kuona mizani ikisomwa kwa haki kwa sababu kijana wao amesimama pale hawezi tena kuambiwa kwamba Mwafrika hajawa tayari kujitawala.

Kutoka hapo akainuka Paul Bomani, mwana wa mhubiri wa Kisabato. Mwaka 1952 walianzisha umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa ushirika, Victoria Federation. Mwisho wa miaka ya 1950 pamba ya Usukumani ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika, na muungano huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Kila chama cha msingi kilikuwa na kamati, mwenyekiti, na karani kama babu yako, mtu mwenye daftari, kalamu na ufunguo wa ghala.

Angalia sasa kilichotokea. Kuanzia mwishoni mwa 1954 serikali ilikataa TANU isifungue matawi Usukumani, na katazo hilo lilidumu mpaka 1958. Chama kilikatazwa, ushirika haukukatazwa, na watu walikuwa wale wale. Mkutano wa pamba uliweza kumalizika na watu wakabaki chini ya mwembe wakizungumza mengine. Mwaka 1958, serikali ilipotaka kulazimisha baraza la mchanganyiko wa rangi huko Geita, maelfu ya wananchi waliandamana hadi Mwanza kulipinga. Serikali ilifikiri imeizima TANU Jimbo la Ziwa. Kumbe ilikuwa imewaachia watu miaka minne ya kujifunza kujipanga.

Kwa watemi mambo yalikuwa mchanganyiko, na nisingependa uwaweke wote kapu moja. Gavana Twining aliwataka wawe ngao dhidi ya TANU, na baadhi walikubali. Wengine walikwenda upande wa pili. Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, huko Tabora, alisoma Makerere kama Mwalimu, akawa mtemi na mwana TANU kwa wakati mmoja. Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe ndiye aliyekabidhiwa fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani Juni 1954, wiki chache tu kabla ya TANU kuzaliwa. Twining alidhani tendo lile litawafunga Wahehe upande wake. Adam Sapi baadaye akawa Spika wa Bunge la nchi huru, akakaa kwenye kiti hicho kwa miaka mingi. Tena usisahau kwamba Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, kwa hiyo aliyejua utemi kwa ndani ndiye aliyekuja kuufuta.

Kilimanjaro ni hadithi nyingine kabisa. Wachaga walikuwa na kahawa, shule, na ushirika wa KNCU tangu 1933, na mwaka 1952 walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wa Wachaga wote. Kwa muda ilionekana kana kwamba Uchaga utakuwa na njia yake peke yake. Lakini upinzani ulitoka ndani: mwaka 1960 wananchi walipiga kura wakaamua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu wa maisha, na kiti kikaenda kwa Solomon Eliufoo, mtu wa TANU. Mkoa huo huo ulimtoa pia Lucy Lameck, muuguzi aliyekuja kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika madaraka serikalini.

Na Bibi Titi Mohamed je? Yeye ni wa Dar es Salaam, lakini siwezi kumruka, maana kidonda alichokisemea hakikuwa na jimbo. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaandikisha wanawake, hakuanza na ofisi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na kila kiongozi akaja na kikundi chake kizima. Kwa miezi michache wanawake 5,000 walikuwa wamechukua kadi, wakati wanaume wengi waliogopa kufukuzwa kazi serikalini wakionekana mkutanoni. Ni mtindo ule ule wa Bomani na wa Kirilo: mtu anakuja na watu alionao tayari.

Sasa swali lako la nguvu. Nguvu walikuwa nayo, tena waziwazi. Julai 1959, wajumbe wa kuchaguliwa walipoingizwa serikalini kwa mara ya kwanza, Waafrika waliopewa wizara walikuwa watatu: Fundikira, mtemi wa Tabora, George Kahama, aliyekuwa meneja wa ushirika wa Bukoba, na Eliufoo wa Kilimanjaro. Utemi, ushirika, na siasa za kahawa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeinuliwa na makao makuu peke yake. Bomani akafuata mwaka 1960 kama Waziri wa Kilimo, kisha akawa Waziri wa Fedha. Rashidi Kawawa wa Songea, aliyekuja na vyama vya wafanyakazi nyuma yake, akawa Waziri Mkuu Januari 1962.

Kuna mfano mdogo ninaoupenda sana. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kimoja kilichobaki kilikuwa Mbulu. Chama kilimsimamisha chifu, Amri Dodo. Watu wa Mbulu wakamchagua Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Makao makuu yaliheshimiwa nchi nzima, ila pale Mbulu wananchi walimtaka mtu wao, wakampata.

Baada ya uhuru, vile vyombo vilivyowainua wakubwa hawa vilichukuliwa kimoja kimoja. Mwaka 1962 wakuu wa mikoa walianza kuteuliwa kutoka miongoni mwa wanasiasa, na mkuu wa mkoa akawa pia katibu wa TANU wa mkoa, kwa hiyo kiongozi wa chama mkoani alitazama juu kwa aliyemteua. Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Mwaka huo huo Fundikira alitoka serikalini. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na kuwekwa kimoja tu, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli aliyekwisha kugeukia upinzani, aliwekwa kizuizini.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja ana alama ya jembe na mwingine nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu wa pamba, alishindwa huko huko Mwanza. Wananchi walikuwa wameanza kuuona ushirika kama mali ya wakubwa, na tume iliyouchunguza mwaka 1966 ilikuta uozo wa kweli. Mwalimu alimteua Bomani kurudi bungeni akaendelea kuwa waziri, baadaye balozi wetu Marekani. Lakini pima tofauti: mtu aliyeingia serikalini kwa sababu wakulima walikuwa nyuma yake, sasa amebaki serikalini kwa sababu rais anamwamini. Heshima alibaki nayo. Sauti yake sasa ilitoka kwa rais, si kwa wakulima.

Bibi Titi naye alishindwa ubunge 1965 huko Rufiji. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa na rais 1972. Alikaa kimya miaka mingi, na wapo watoto waliomaliza shule bila kulisikia jina lake. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na nafurahi, ingawa alistahili kuheshimiwa mapema zaidi. Abdulwahid Sykes alifariki 1968 bila kuwahi kuwa waziri.

Je, waliwekwa kando? Baadhi, ndiyo. Lakini nisikufiche upande wa pili, maana niliulizwa kama mtu wa historia na sitaki kukupa nusu. Viongozi wa wakati ule walikuwa wanaitazama Kongo. Katanga ilijitenga Julai 1960, siku chache tu baada ya Kongo kupata uhuru tarehe 30 Juni, ikiongozwa na mtu mwenye jimbo lake na utajiri wake. Mtu aliyekaa Ikulu akiangalia Mangi Mkuu mwenye kahawa, mtemi mwenye askari wa jadi na ushirika wenye fedha nyingi angeweza kabisa kukosa usingizi. Kwa kufutwa utemi, mimi naona Mwalimu alikuwa sahihi: hatujawahi kupigana kwa sababu ya Uchaga au Unyanyembe. Kwa ushirika naona lilikuwa kosa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mkulima akarudi kuuzia mizani asiyoisimamia, safari hii ya mamlaka ya zao. Uozo uliokuwemo ungeweza kusafishwa bila kubomoa nyumba. Mwalimu mwenyewe, katika miaka ya 1980, alikiri kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa yalikuwa makosa, na nampenda kwa kukiri huko.

Lakini sauti yao haikupotea yote. Vyama vya ushirika vilirudishwa katika miaka ya 1980, na vyama vingi vya siasa vilipoanza tena, Fundikira, akiwa mzee wa miaka sabini na zaidi, alijitokeza na chama chake, UMD. Mikoa ya Ziwa na Kilimanjaro mpaka leo ina tabia ya kuhoji mambo. Mimi husema hiyo imeanzia kwenye mizani na kahawa.

Nimalize na kadi yako, maana hiyo ndiyo iliyotuleta hapa. Usiifunge kwa plastiki ya moto wala gundi. Ile joto huharibu wino. Ipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani. Kisha tazama mambo matatu: tarehe ya kujiunga, muhuri wa tawi, na mwandiko wa aliyepokea ada. Kama tarehe ni ya baada ya 1958, babu yako aliingia pamoja na wimbi kubwa. Kama ni ya kati ya 1954 na 1958, basi alichukua kadi wakati chama kimekatazwa kwao, na muhuri utakuonyesha alikwenda wapi kuitafuta, labda Tabora, labda Dar. Linganisha na daftari zake za pamba kama zimebaki, hasa ukurasa wa ndani wa jalada, ambapo makarani wengi walipenda kuandika majina ya wajumbe wa kamati. Ukiyakuta majina hayo niandikie. Na kama mama yako bado anakumbuka wageni waliokuwa wakilala kwenu msimu wa kuuza pamba, muulize wiki hii, uandike na majina yao.